Faili za Mwalimu Ambrosi

Ethel, nimefanya kitu kibaya. Hapa nilipo nimejifungia chooni nalia.

Si unaijua kompyuta ya ofisi ya kanisa hapa Newala? Jana nilikuwa naiwekea Python, ile lugha ya programu ninayojifunza. Diski ikajaa katikati ya kazi. Nikafuta folda moja iliyoandikwa ZAMANI. Hata kuifungua sikuifungua!

Kumbe ndani kuna majina ya ubatizo ya watu wa Makote. Mwalimu Ambrosi kayachapa miaka miwili, kwa kidole kimoja. Vitabu vyenyewe, vingi vimeliwa na mchwa.

Asubuhi hii kaja, katafuta, hakuna. Akanigeukia: "Mwanangu, nisamehe, nimebonyeza vibaya."

Ananiomba MIMI msamaha!! Nami nikamjibu, "Hutokea, mwalimu." Ethel, nilimjibu hivyo kweli.

Alipotoka nikamkimbilia mpaka getini, nikamwambia ni mimi niliyefuta. Akauliza, "Nilipokuomba radhi, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Akavaa kofia yake. "Kesho njoo nyumbani. Vitabu vilivyobaki nitakusomea, wewe uandike."

Bora angenigombeza.