Maalim Uliyempisha

Mdogo wangu Swaleh,

Huku Kuze sote wazima, na mama anakusalimu sana. Lakini simu yako ya juzi imeniudhi. Unasema Maskati kwema, na mwenyeji wako, mtu wa kwetu, amekupokea kama nduguye. Ila yeye ndiye namba sita wa timu yenu ya mpira, na wewe ndiye akiba wake, unakaa benchi. Kocha amekwambia ushindane naye kuipata hiyo namba, nawe mazoezini unalegea makusudi, ati kumpiku mtu anayekulisha si adabu. Nikasema, ewe Mola, huyu amerudia yale yale.

Unakumbuka mwaka ule ulipoingia timu ya ligi, miguu myembamba, jezi inakupwaya? Mimi ndiye niliyekuwa nikiifua uani. Kocha wenu, yule mtu wa bara aliyefanya kazi reli, hakuwa mwepesi wa kusifu, lakini alimwambia baba mbele yangu kwamba kijana huyu anajua mpira unakokwenda kabla haujapigwa. Siku hiyo baba alinunulia baraza nzima viazi karai.

Kisha ikaja mechi na timu ya Liwatoni. Namba tisa wao alikuwa Maalim Athmani, aliyetusomesha Kurani chuoni kwake sisi sote. Akaja na mpira, umebaki wewe tu mbele yake, na wallahi nilikuona ukijitenga kando ukampa njia, kama unavyompisha kichochoroni. Hata kichwa uliinamisha! Bao. Watu walicheka wakashika mbavu, mimi nikajifunika buibui usoni. Kocha akakuweka benchi, akasema ukirudia hana haja nawe tena. Ukasusa kula.

Maalim akaja nyumbani mwenyewe. Mama alidhani amekuja kukupoza, akamtilia kahawa. Kumbe amekasirika, hata kuketi hakuketi.

"Chuoni nipishe," alikwambia. "Uwanjani ukinipisha umenidharau. Mji mzima wasema nilifunga kwa kuonewa huruma."

Kwenye marudiano kocha alikuingiza kipindi cha pili, tena kwa shingo upande. Maalim akaja vile vile. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mpira ni wako, na Maalim yuko chini, goti limechunika. Refa hakupuliza. Ukatoa pasi, ndipo ukarudi ukamwinua na kumbusu mkono. Uwanja mzima ulipiga makofi, na mimi nililia bila haya. Benchi hukurudi tena, hadi walipokuja kukuchukua hao wa Maskati.

Sasa nyumba imepooza. Uani hakuna jezi ya kufua, na mama bado akipakua huweka sahani yako, kisha huirudisha. Sikufichi, Swaleh: ukiachwa na timu hiyo utarudi upesi, na moyo wangu unakutamani. Lakini sitaki urudi kwa sababu hiyo.

Jana nilimkuta Maalim akitoka mskitini, nikamweleza habari zako na mwenyeji wako. Amenenepa siku hizi, mpira ameuacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapandisha kanzu hadi gotini, akalitazama kovu la siku ile.

"Kwani huyo bwana," akauliza, "yeye hana goti?"

Basi nimekufikishia. Mbusu mwenyeji wako mkono, lakini baada ya mpira.

Mimi dada yako, mfuaji wa jezi zako