Msiba wa Bosi

Mafinga

Kwa mwanangu Bertha, Uyole.

Kamwene mwanangu. Mkwe wangu Asukile hajambo? Na kichanga ananyonya vizuri? Mimi mzima wa mwili tu. Ukungu umeshuka, viazi vimeungua majani, na lile jino bado linanisumbua. Anayeandika ni jirani yangu Devotha. Nimemwambia aandike hivi hivi ninavyosema, asinipambie.

Bertha, Bosi amekufa. Mbwa wa kaka yako. Unajua tangu Vitus apande lori la mbao akasema anakwenda kutafuta maisha, na simu yake haipatikani mpaka leo, yule mbwa kila jioni alikuwa anapanda barabarani kusikiliza malori. Mengine anayaacha, mengine anayakimbilia. Jumanne akakimbilia moja, likamkanyaga. Dereva hata hakusimama. Nikambeba kwenye kitenge kile ulichoninunulia sokoni Mwanjelwa, usinikasirikie, nikamzika chini ya mparachichi.

Kurudi ndani, nikakosa pa kukaa. Basi nikatoa viti nje, nikatandika mkeka chini, nikawasha moto uani, kama tunavyofanya tukifiwa. Sikumwita mtu. Nilitaka tu kulia kama watu wanavyolia.

Lakini huku si unakujua. Moto uani, mkeka chini, watu wanakuja tu. Wa kwanza alikuwa huyu huyu Devotha, kabeba unga, kashajifunga khanga kiunoni. Akaniuliza, "Mama Vitus, ni nani?"

Ningesemaje ni mbwa, na unga ule mkononi kwake? Mzee Saulo alishanitania kwamba Bosi nampenda kuliko marehemu baba yako, nikamjibu marehemu hakuwahi kunisindikiza kisimani. Wangecheka mpaka Pasaka.

Mdomo ukasema, "Vitus."

Devotha ameacha kuandika. Ananitazama. Andika, mama, na hilo andika.

Bertha, walilia. Wamama wamejaa uani, wanapika, wanalala hapa. Na mimi nilimlilia Bosi kwa sauti yote, halafu katikati nikasikia ninamlilia kaka yako, na sasa siwezi tena kuwatenganisha. Katekista anauliza mwili unafika lini. Najua wameshakupigia. Simu yako inalia, naiangalia tu. Ningekuambiaje kwa mdomo huu huu?

Usivae nyeusi, mwanangu. Usisafiri na uzazi mbichi. Kaka yako sijui kama yupo, sijui kama hayupo. Mbwa ndiye alikuwa anamsubiri, mimi nikakaa jikoni nikijua kuna anayesubiri. Nikiwaambia hawa wamama ukweli, wanabeba masufuria yao wanaondoka, na mimi nabaki na nani?

Devotha alitoka nje. Sasa amerudi humu chumbani na mkeka, kakaa na mimi, anaandika.

Msalimie Asukile. Kichanga umfunike kifua, baridi ya huko Uyole naijua. Malori yakianza kupita jioni hii, nitapanda barabarani mwenyewe.

Ni mimi mama yako, Veneranda. Hicho hapo chini ni kidole changu.