Picha Isiyopakwa Dawa

Karen, Nairobi
Agosti 1954

Dada yangu Nakhumicha,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Mama bado anaumwa na magoti? Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, lakini moyo hautulii.

Polisi wameamuru mabwana wa huku watoe picha za wafanyakazi wote. Anaonyeshwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, ameachiwa matundu ya macho tu. Akiitikia kwa kichwa, basi, mwenye sura anachukuliwa, na wengi hatujawaona tena.

Bwana wangu, ambaye hata saa yake naitia ufunguo mimi, alinipeleka mjini tukachague kamera rahisi. Muhindi wa duka alitutolea mbili. Ya kwanza filamu yake hubaki, picha moja waitoa hata mara mia. Ya pili unabonyeza, unavuta karatasi, unangoja kidogo, picha hiyo hapo, na ni hiyo moja tu. Ila alionya ipakwe dawa papo hapo, la sivyo itafifia. Bwana akauliza mimi nitaiweza ipi. Wee, niliisifu ya pili mpaka Muhindi akacheka!

Jumatatu bwana akapiga, mimi nikapaka. Yangu na ya Awiti, yaya, nilizipaka vizuri. Ya Wangui, mpishi, ambaye kaka yake yuko msituni na wapiganaji, niliipitishia pamba kavu, bwana akinitazama.

Sasa zimo kwenye bahasha, polisi watazichukua Ijumaa. Jana nilichungulia: uso wa Wangui umekwisha, kumebaki kitambaa cha kichwa. Bwana akiifungua atajua ni mkono wa nani. Kila gari likiingia langoni, nakimbilia dirishani kutazama kama ni polisi.

Utaniuliza, Tobias, ya watu yanakuhusu nini? Dada, nilikuficha. Padre alitufungisha ndoa baada ya Pasaka. Wangui ni mke wangu, na ni mjamzito. Nilikuwa naogopa Mama atasema nini. Kumbe ile haikuwa hofu.

Barua hii sikuipeleka posta. Aliyekukabidhi ndiye Wangui mwenyewe. Njiani alijiita Nafula. Kibukusu chake ni cha kuombea maji tu, usimcheke. Mwingize ndani, ale kwanza, ndipo umwambie Mama.

Bwana nimemwambia Wangui ana homa. Nimebaki kwa sababu tukitoroka wawili, watajua pa kumtafuta ni kwetu. Ijumaa ikipita salama nitaandika. Nikinyamaza, dada, usiniulizie.

Wasalimie wote, na mkono wa Mama uushike kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Tobias Sifuna