Kikopo Kilichopita Mlango wa Nyuma

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 8 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba baridi ya huko mliyokuwa mkiilalamikia imepungua. Mgongo je? Wifi aliniambia bado unanyanyua mizigo kama mtu wa miaka ishirini. Punguza, mzee, mgongo hauna spea. Sisi huku tunapumua. Nyumba imekuwa kimya na sijakizoea kimya hicho, lakini tunapumua.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Simu nimejaribu mara nne. Kila nikikusikia unasema haya dada lete habari, mdomo unakuwa mzito, naishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukata nikasingizia mtandao. Kaa chini uisome na wifi, kwa sababu inamhusu sawa na wewe.

Naanza na mtoto ili msisome roho juu. Binti yenu yuko hai, anakula, na juzi kampiga mwenzake darasani kwa sababu ya penseli. Lakini yale mafua niliyowaambia si mafua. Ana kifua kikuu. Leo ni siku ya ishirini na nne yuko kwenye dawa, na namnywesha mimi mwenyewe kila asubuhi. Daktari wa watoto anasema tumewahi. Amenipa matumaini, ahadi hakunipa.

Amekipata kwa Mama. Kaka, Mama hakufa kwa moyo kama nilivyokwambia. Alikufa kwa kifua kikuu, na kilikuwa kimeshaonekana kwenye darubini, majibu yakaandikwa, yakalala. Aliyeyalaza ni mimi. Usiichane barua. Isome mpaka mwisho, kisha unitukane unavyotaka.

Kazi yangu unaijua, ile uliyoibatiza ukarani wa makohozi. Utafiti wetu una swali moja tu: mtu anayekohoa anakaa siku ngapi kati ya kutoa kikopo chake cha makohozi na kumeza kidonge cha kwanza? Nashinda na daftari la maabara na mafaili ya kliniki, nahesabu siku. Jibu lake linatia aibu. Kupima kwenyewe ni siku mbili, tatu. Zinazobaki ni za karatasi kutoka maabara hadi kliniki, mwendo wa hatua hamsini, na kuna zilizochukua mwezi. Wa kuibeba yuko likizo, au namba imekosewa, au simu ya mgonjwa haipatikani. Watu wanakohoa kwenye benchi, na majibu yao yako nyuma ya ukuta walioegemea.

Mama alianza kukohoa mwishoni mwa mwaka. Akasema ni vumbi la kufagia, nawe unamjua, alikuwa anafagia mpaka mbele ya milango ya watu. Januari magauni yakaanza kumpwaya, shuka zikawa zinaloa jasho. Nikasema hapana, huyu apimwe.

Sasa dirisha la maabara lina foleni yake. Watu wanafika saa kumi na mbili asubuhi, wanaandikwa daftarini, kikopo kinabandikwa namba, halafu wanakaa na kukoholeana mpaka mchana. Sikutaka Mama akae pale. Na sisi tunaofanya kazi pale tuna njia yetu. Muuguzi, dereva, mlinzi, kila mmoja humpitisha mtu wake mlango wa nyuma, na hakuna anayeliona ni kosa. Ukimpanga mama yako foleni, wenzako watakuuliza basi kitambulisho umevaa cha nini.

Basi Jumatatu tarehe 3 Februari nikakibeba kikopo cha Mama ndani ya mfuko wa mkate, nikapita nyuma, nikamkabidhi mpimaji tunayemwita Darubini. Tulitaniana pale, nikamwambia huyu ndiye aliyenizaa, amwangalie kwa heshima. Akabandika kijikaratasi, akaandika "mgeni", mwanamke, miaka 61. Daftarini hakumwandika, kwa sababu daftari linataka namba na namba hutolewa dirishani. Nikatoka pale najiona mjanja.

Kesho yake Darubini akahamishiwa kituo kingine, ghafla, kama wanavyohamishwa. Nikasikia, na sikumpigia. Nilijiambia angeona kitu angenitafuta. Ikapita siku ya tatu, ikapita wiki, kimya. Nikamwambia Mama makohozi yake ni safi. Mimi, kaka, ninayeshinda nikiwaandikia watu kwamba kimya cha maabara si majibu. Sijui akili yangu nilikuwa nimemwazima nani.

Mama mwenyewe hakuridhika. Nikirudi kazini ananiuliza tena, yale majibu yangu vipi, mpaka siku moja nikamjibu kwa ukali kwamba wangeona kitu wangesema, asinichoshe. Hakuuliza tena. Hilo la kumkaripia ndilo linalonitafuna kuliko mengine yote.

Machi akalazwa. Mnakumbuka nilivyowaambia ni kichomi. Daktari wa wodi alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa uchovu, wodi nzima iko mikononi mwake, na mashine ya picha za kifua imeharibika tangu mwaka jana. Alitaka kuanza na makohozi. Alikuwa ameshaishika karatasi ya kuombea kipimo, ameshaandika jina la Mama. Nikamwambia, "Daktari, hicho tumeshapima, ni safi. Mimi niko kwenye utafiti wa huo huo ugonjwa."

Akaiweka kando ile karatasi. Aliniamini kwa sababu ya kitambulisho changu cha shingoni, na pia kwa sababu wagonjwa wengine kumi walikuwa wanamsubiri. Kwenye faili akaandika makohozi yamepimwa, hakuna kitu. Wakamtibu kichomi, wakahamia kwenye moyo, na tarehe 30 Machi asubuhi Mama akakata roho, mkono wake nimeushika. Ninyi mazishi mliyasikiliza kwa simu. Simu hiyo niliishika mimi, na siku hiyo nililia kwa haki yangu kwa sababu nilikuwa bado sijui.

Nikarudi kazini. Katikati ya Mei mkuu wa utafiti akanipa kazi ya kuhesabu majibu yasiyo na wenyewe. Juu ya friji la maabara kuna trei ya plastiki, na karatasi yoyote ambayo haijulikani ni ya nani hutupwa humo. Nikazimwaga mezani, nikazipanga kwa tarehe, nikawa naziandika namba pembeni. Nilikuwa na kikombe cha chai na nilikuwa naimba. Moja nilishaiandika 31 kabla sijaisoma. Mgeni, mwanamke, miaka 61, wadudu wengi wameonekana. Tarehe 6 Februari.

Mama aliishi siku hamsini na mbili baada ya karatasi hiyo kuandikwa. Nilizihesabu mara tatu.

Sikulia. Niliinuka, nikaenda moja kwa moja shuleni, nikamtoa mtoto darasani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Miezi yote ile alikuwa analala kitanda kimoja na bibi yake, si mnajua alivyo, peke yake hataki. Wiki hiyo hiyo wakamwona nacho. Ana tezi shingoni na uzito umeshuka, na mimi nilikuwa nadhani anakonda kwa kumlilia bibi. Daktari anasema hawezi kuwaambukiza wenzake, shule anaendelea.

Nimetafuta wa kumlaumu, nisikufiche. Binti aliyepokea kazi ya Darubini alifanya kila kitu sawa. Alipima, akaandika, akaitafuta namba daftarini, akauliza wodini, hakuna anayemjua mgeni. Nilipomwambia ni mama yangu alilia yeye. Darubini nilimpigia, akasema alijua nitayafuata mwenyewe. Hana kosa. Mtu yeyote anayenifahamu angedhani hivyo.

Karatasi nikampelekea mkuu wa utafiti, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo itabidi itoke kwenye hesabu. Haikupita dirishani, haina namba, kwa utafiti haipo. Nikamwonyesha nyingine. Katika trei karatasi zilikuwa thelathini na nane, na kumi na moja ziliingia kwa mkono kama ya Mama. Mama mkwe wa mlinzi. Mume wa muuguzi wa kliniki hiyo hiyo. Watu wetu wenyewe, tuliowaonea huruma wasikae benchini. Tumewatafuta wote, na waliobaki hai ni sita.

Akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Kisha akasema ziingie zote. Jumatano nitaisoma ripoti mbele ya wafanyakazi wa hospitali nzima, na nikifika kwenye karatasi ya thelathini na moja nitasema ni ya nani na nani aliipitisha. Huenda nikamwaga unga. Hilo halininyimi usingizi tena.

Ninachokitaka kwenu ni uamuzi. Dawa ni ya miezi sita na daktari amekataza kuikatisha, kwa hiyo kumsafirisha aje huko kwa sasa siwezi. Lakini mtoto ni wenu. Hapa nyumbani nimemwambia mama mdogo peke yake, na yeye amesema yuko tayari kumchukua, kwake si mbali na kliniki, kama hamtaki tena awe mikononi mwangu. Mkisema aende, nitamfungashia nguo siku hiyo hiyo na sitanung'unika. Mkisema abaki, mjue mmemwacha na nani. Zungumzeni kwanza ndipo mnipigie. Na kaka, usinihurumie kwa kuwa mimi ni dada yako. Huruma ya namna hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mtoto mwenyewe sijamwambia kitu. Jana asubuhi alimeza vidonge, akafungua kinywa nikague kama nilivyomfundisha, halafu akaniuliza, "Shangazi, bibi naye alikunywa hizi?"

Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nitamjibu, ila kuna mtu ambaye lazima nimweleze kwanza. Akaridhika, akaenda kuvaa viatu. Leo asubuhi, kabla hata sijamletea maji ya kumezea, ameniuliza kama huyo mtu nimeshamweleza.

Mama mdogo anawasalimu sana, na ndiye aliyenikazania niandike. Mjomba mguu unamsumbua lakini ubishi bado anao wote. Majirani wa upande wa jikoni wanawapa pole tena. Mtoto amewachorea picha, nimeikunja humu ndani ya bahasha, anasema yule mrefu asiye na shingo ni wewe. Wifi mwambie naomba radhi, na akiwa tayari kunisikiliza nitamwomba kwa sauti yangu mwenyewe.

Mungu awafunike huko mliko, awape nguvu ya kuupokea ukweli huu, na amwache mtoto huyu akue.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku ambayo hutataka kuniona,
Shangazi wa binti yako