Moto Ulikuwa Kwenye Gego

Morogoro mjini, Jumatatu

Mdogo wangu Felista,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitamka. Hamjambo huko juu? Magoti ya shemeji yanaendeleaje, na kikohozi chako kimekuachia? Mimi mzima. Ninakula, ninalala kwenye godoro la kijana wangu Deo, laini mpaka kuamka ni kazi. Asubuhi nikikaa barazani naona mawingu yamewakalia huko mlimani, najua mnaota moto, na mimi huku natokwa jasho kama nimeiba.

Naandika kwa mkono wangu, herufi ovyo uzivumilie, maana kwenye simu unanidanganya. "Dada, huku salama tu," halafu ghafla mtandao unakatika. Felista! Shamba langu la ngazi, lile la mteremkoni, limeporomoka kwa mvua, kabichi zote zimeteremka mtoni, na wewe unaniambia salama tu? Hata katekista alinipigia akasema kabichi zimefunga vizuri. Katekista!

Najua mlikubaliana kwamba mgonjwa wa moyo haambiwi jambo baya, atakufa. Deo ndiye aliyewapigia. Sasa sikiliza ilivyokuwa, uache ujinga.

Unakumbuka kifua kilivyokuwa kinanibana nikipanda kutoka barabarani. Huku hospitali wakasema mishipa inayolisha moyo imeanza kuziba, nikapewa vidonge. Kisha daktari, binti mdogo tu lakini ana jicho, akanitoa damu ya kipimo kingine, cha kuonyesha kama mwilini kuna moto, yaani uvimbe usioonekana kwa nje. Majibu yakawa juu. Akasema moto huo ukiwa kwenye mishipa ya moyo, pale palipoziba panaweza kupasuka, damu ikaganda, mtu akaanguka. Usiposhuka, nitapelekwa Dar wanipitishe waya kwenye mshipa waangalie. Hapo roho ikaniuma. Nikaona nitakaa mjini kama kuku wa tenga, na mashamba yangu yanalimwa na watu wanaopanda kabichi zimebanana kama viazi kwenye gunia.

Deo akadakia, "Daktari, mama yangu ana hasira sana. Haya ni mawazo tu."

Daktari akamwambia, "Sijampima hasira, kaka. Nimempima damu."

Nilitaka kumkumbatia yule binti. Lakini mwanangu ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi, akatoka nje akaanza kuwapigia nyote.

Mimi nikamuuliza daktari, "Moto wenyewe uko wapi?"

"Kipimo hakisemi, bibi. Kinasema upo tu."

"Sasa hicho ni kipimo au jirani mmbea?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Akanikagua miguu, akasikiliza mapafu, akapima mkojo, kisha akasema nifungue kinywa. Nikafunga.

"Bibi, unatafunia upande gani?"

"Upande ninaoutaka."

"Fungua."

Nikafungua. Akarudi nyuma kidogo, maskini. Lile gego langu la chini, Felista, nililokuwa nalisukutua kwa chumvi na kulibana kwa karafuu. Nani anapenda kuitwa kibogoyo? Kumbe fizi nzima imejaa usaha. Likang'olewa. Sikulia, ila nilimshika mng'oaji mkono mpaka akasema bibi niachie nifanye kazi. Wakanipa na dawa ya kumaliza usaha.

Wiki kadhaa zikapita, wakachukua damu tena. Moto umeshuka! Daktari akaniambia nisijidanganye, mishipa haijazibuka, vidonge vya moyo ni vya kila siku, hata nikijisikia binti. Lakini safari ya Dar haipo kwa sasa, na nyumbani ninaweza kurudi, mradi kliniki nije. Mlima nipande polepole, kifua kikibana nisimame, kisipoachia nishushwe upesi.

Nilitoka pale na furaha, nikapita sokoni. Nikamkuta mama mmoja wa kwetu muuza njegere. "Pole na shamba, mama," akasema. "Shamba gani?" Akashika mdomo. Nikamwambia, "Mwanangu, umeshaanza, malizia." Akamalizia. Nikakaa juu ya gunia lake, nikanywa maji, nikasubiri kifua kibane. Hakikubana. Nikanunua njegere nikaenda kupika, na Deo alizila huku nikimsema mpaka sahani ikaisha.

Kilichoniuma si kabichi. Kabichi tutapanda. Kimeniuma kwamba mlikaa kikao cha shamba langu mimi nikiwa hai, mkagawana siri kama watu wanaogawana nguo za marehemu. Moyo wangu una ugonjwa, ndiyo. Lakini mwenye nyumba bado ni mimi.

Nakuja Jumamosi na lori la mboga linaporudi, dereva ameahidi kiti cha mbele. Msalimie shemeji. Msalimie mkwe wangu, mke wa Deo aliyebaki na watoto huko, mwambie mumewe ananenepa. Wasalimie wajukuu, na mjomba wetu mkubwa mpe shikamoo yangu.

Nikishuka kwenye lori usinipeleke jikoni kuninyamazisha kwa chai. Nipeleke shambani, taratibu, nisimame pale lilipokatikia. Nikilia, niacheni nilie. Kisha mniletee jembe.

Dada yako mkubwa,
Koleta