Spika ya Jikoni

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Baba yako mdogo hajambo, mkewe hajambo, mtoto wao Neema kikohozi kimeisha. Mimi nipo, ila usipoandika roho haitulii.

Unauliza mbona nilikusihi, katika zile spika tano za redio yako mpya ya kutazamia filamu, moja uiweke jikoni kwa mkeo. Miaka ya sabini babu yako alikuwa kazini Iringa, mimi hapa Mbeya kwa wazazi wake. Redio ilikaa sebuleni kwa baba mkwe, na kwetu mke wa mwana haingii alipo baba mkwe, wala hawasemezani. Basi babu yako alivuta waya akanifungia spika jikoni, nisikie salamu anazonitumia redioni.

Jumapili moja salamu zinasomwa, spika ikanyamaza. Panya wamekata waya! Nikasimama uani nalia. Baba mkwe akamwambia mama mkwe, “Mwambie huyo aache kulia, atege masikio!” Akafungulia redio mpaka mwisho. Majirani wote wakasikia salamu za mume wangu zikinitaja kwa jina.

Wote watatu hawapo sasa. Redio ninayo, lakini nani atanitaja?

Nijibu upesi mwanangu, hata mistari miwili.

Bibi yako