Nitasema Natoka Kenyenya

Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku mbali, na kabla ya yote nauliza mgongo wako unaendeleaje. Mama aliniambia unainama kwa cherehani kutwa nzima kama kijana, na ile dawa ya kupaka umeiacha tu dirishani. Ipake, Baba. Mimi ni mzima, ila vidole vya miguu vimechubuka kwa viatu virefu na nimechoka kula wali asubuhi. Chai yao nayo ni maji ya moto yaliyopita karibu na jani. Ungeionja ungemrudishia mwenyewe kikombe chake.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Napiga, inaita mpaka inachoka, halafu Mama ananiambia eti uko na mteja. Wateja gani hao wasioisha, na wewe mwenyewe unalalamika kwamba wamepungua? Barua huwezi kuikata katikati. Nimeomba karatasi pale mapokezi ya hoteli, na nikimaliza nitaipiga picha nimtumie Mama kwa simu akusomee. Mama, soma yote, hata pale atakaposema basi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata nikiwa kwenye foleni ya kupakwa vipodozi. Ulisema, "Achieng', hiyo maneno ya Kenyenya achana nayo. Sema tu Kenya, inatosha. Wakikusukuma sana, sema kwetu ni ziwani kwa babu yako. Mimi na mama yako tutafunga duka hiyo wiki ya fainali twende huko nyumbani, mpaka hii kelele ipoe." Nikausikiliza tena. Halafu nikakasirika, na mpaka sasa nimekasirika, hata mwandiko unaona ulivyolala.

Nikueleze kwanza mambo ya huku, usije ukadhani nacheza tu. Tuko wasichana wa nchi nyingi katika hoteli moja hapa Ufilipino, na watu wa hapa wanapenda mashindano ya urembo vile sisi tunapenda siasa. Wapishi, walinzi, hata dereva wa basi letu, kila mtu ana msichana wake anayempigania. Tunavaa ukanda wenye jina la nchi kuanzia kifungua kinywa, na ukiusahau chumbani unagombezwa kama mtoto aliyekuja shule bila sweta. Tunafundishwa kutembea, kugeuka, na kusimama bila kuonyesha kwamba goti linauma. Siku ya fainali, Ijumaa, kila mmoja atakwenda peke yake kwa maikrofoni, asalimie kwa lugha ya kwao, kisha ataje jina lake, mji wake na nchi yake. Ni muda mfupi tu, lakini watu wanaungoja kuliko magauni.

Hapo ndipo tulipokosania mimi na wewe. Tangu itoke ile video fupi ambamo nilisema mimi, binti wa fundi Mjaluo, ni msichana wa Kenyenya, huko Kisii, watu wamenivaa pande zote. Mmoja wa huko nyumbani aliandika, "Huyo ni Omogere. Kenyenya imekosa wasichana wake mpaka ikaazima?" Nao wa upande wa ziwani hawakuniacha: "Nyar Kisii, kwani unatuonea aibu?" Yaani kwa Wakisii mimi ni Mjaluo, na kwa Wajaluo mimi ni Mkisii. Bi. Wairimu, msimamizi wetu aliyetoka Nairobi, akaniita kando akaniambia, "Sikiza, tunataka kura za kila mtu. Wewe salimia na Kiswahili tu. Hiyo haina mwenyewe."

Haina mwenyewe! Kiswahili ndicho tulichokulia ugali sisi wanne, wewe na Mama na Otieno na mimi, na ndicho ninachokuandikia sasa. Nakipenda. Lakini sitakifanya shuka la kujifunikia uso.

Msichana ninayelala naye chumba kimoja anatoka Fiji. Nilipomweleza habari hii alicheka mpaka akaketi sakafuni. Wazee wa kwao waliletwa kutoka India zamani sana kukata miwa, na mpaka leo wapo wanaomuuliza atarudi lini kwao. Nikamuuliza atasema nini siku hiyo. Akasema atataja mji aliozaliwa, na asiyependa azime televisheni. Nimempenda sana huyo msichana, ingawa anakoroma.

Baba, usinielewe vibaya. Sikukatai wewe wala watu wako. Jina la Achieng' nitalitaja kwa sauti ya juu. Kijaluo changu kinachechemea, hilo halifichiki. Unakumbuka likizo ile niliyopelekwa kwa Dani, nikamwamkia bibi yangu mwenyewe kwa Kikisii, "Bwakire buya," mbele ya wageni? Nilijua tu kwamba mtu mzima huamkiwa hivyo. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Dani peke yake hakucheka. Alisema, "Mwacheni, mtoto ameamkia kwa heshima," akanipa kiti. Nitajifunza Kijaluo, maana ni changu pia, lakini sitasimama mbele ya watu nijifanye ndicho nilichoanza nacho kuongea.

Sasa na wewe nijibu. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi ulitubeba tukakaa kwa Dani. Nani alizivuta cherehani zako akazificha kwa stoo yake, nyuma ya magunia ya mahindi? Si Mama Kemunto, anayeuza mboga mlango wa pili? Vijana walipokuja kutafuta mali ya wageni, aliwaambia, "Hapa hakuna mgeni, hapa kuna fundi," akabaki amesimama mlangoni na kisu cha kukatia sukuma wiki. Hadithi hiyo unaisimulia wewe mwenyewe kila Krismasi. Na mambo yalipotulia, wajomba walikuwa wameshakutafutia chumba cha kazi huko huko ziwani, kizuri, kando ya lami. Ukawashukuru, ukakataa. Ukasema kazi yako iko Kenyenya.

Hakuna aliyekulazimisha kurudi. Mbona ulirudi, kama si kwako?

Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Ulifungua mlango, ukafagia, ukazitia cherehani mafuta. Mama Kemunto akaja na thamosi ya chai, na hata kabla hamjamaliza kikombe mkaanza kubishana, wewe na Kikisii chako kilichopinda, juu ya maji machafu anayomwaga mbele ya duka lako. Mlibishana mpaka watu wakasimama kusikiliza. Nilifurahi sana, Baba. Niliona tumefika nyumbani.

Najua unaogopa, na sikudharau kwa hilo. Najua shule nyingine zimeanza kupeleka sare zao zishonwe kwingine, na mwenye nyumba amekuuliza maswali ya kijinga. Mimi pia naogopa. Lakini hebu fikiria hao wanaotutukana kwa simu zao. Wengi wao walimaliza shule ya msingi ndani ya kaptura ulizoshona wewe, na sijasikia hata mmoja aliyesema haimkai vizuri kwa sababu fundi ni Mjaluo. Makalio yao yalikuwa ya Kenyenya na kaptura ilikuwa ya Kenyenya. Basi na mimi niliyekuwa nikikushikia vifungo ni wa Kenyenya, wapende wasipende.

Kwa hivyo Ijumaa nitaanza na salamu ya jioni ya Kikisii, niseme hivi: "Bwairire buya. Mimi ni Achieng', natoka Kenyenya, Kenya." Bi. Wairimu nimemwambia. Amenikunjia uso, amesema nitapoteza kura na nisije nikalia kwake. Sitalia kwake. Kura za kuomba kwa kuficha kwetu sizitaki, wabaki nazo. Nikipata taji nitafurahi kama mwendawazimu, nisikudanganye, nalitaka sana. Nikilikosa nitarudi na malengelenge yangu nikusaidie kupiga pasi.

Nisalimie Otieno, ndugu yangu, umwambie aache kujibizana na watu mtandaoni kwa ajili yangu, maana matusi yake hayana hata chumvi. Dani, bibi yangu, mwambie namkumbuka kwenye maombi na magoti yake pia. Mama Kemunto mpe mkono, aniwekee ile mboga ya chinsaga, huku sijaona kitu cha kijani chenye uchungu. Hata mwenye nyumba msalimie. Sina ubaya naye, ila nikirudi asithubutu kuniuliza kwetu ni wapi.

Limebaki jambo moja, na sikubembelezi. Usifunge duka. Huku itakuwa jioni nikisimama kwa maikrofoni, lakini huko utakuwa mchana, watu wanapita na kurudi mbele ya mlango wako. Keti hapo kwa cherehani yako kama siku nyingine. Huhitaji kunitazama, wala huhitaji kujibizana na mtu. Shona tu. Maana mimi nitasema Kenyenya ni kwetu, na mtu yeyote atakayetaka kujua kama ni kweli hatanitazama mimi, atakuja kutazama mlango wako. Akiukuta na kufuli, Baba, nitakuwa nimewadanganya wote.

Usinifanye mwongo.

Binti yako,
Achieng'